Tartuffe: mnafiki aliyefunguliwa mlango

Tartuffe ni mchezo wa kuigiza wa kuchekesha ulioandikwa na Mfaransa Molière. Ulionyeshwa kwanza mwaka 1664 katika kasri la Versailles, mbele ya Mfalme Louis wa 14.

Kisa ni hiki. Orgon, tajiri wa Paris, anakutana kanisani na Tartuffe, fukara anayesali kwa kuugua na kubusu ardhi. Anamchukua akae nyumbani kwake. Mkewe Elmire, watoto na mtumishi Dorine wanauona unafiki; Orgon na mama yake hawauoni. Orgon anataka kumwoza Tartuffe binti yake Mariane, ingawa alishamwahidi Valère. Mwanawe Damis anapofichua kwamba mgeni anamtongoza Elmire, Orgon anamfukuza mwanawe, kisha anamwandikia Tartuffe mali yake yote.

Elmire anamficha mumewe chini ya meza ili ajisikilizie mwenyewe. Sasa anaamini, lakini nyumba si yake tena. Anayemwokoa ni ofisa wa mfalme, anayekuja kumkamata Tartuffe.

Watu wa kanisa walilalamika, mfalme akazuia mchezo usionyeshwe hadharani. Ruhusa ilipatikana mwaka 1669. Molière alijitetea kwamba aliwacheka wanafiki, si waumini.

Nasi tunaona hivi: Tartuffe hakuvunja mlango. Alifunguliwa na baba mwenye nyumba, aliyesikiliza sala za mgeni na kuziba masikio kwa watu wake mwenyewe.