Pumzi Nayo Ina Kipimo

Fundi wa baiskeli akijaza upepo hubonyeza tairi kwa kidole. Anajua kwamba ukipungua haubebi mzigo, na ukizidi mpira hupasuka. Juma hili natazama upepo mwingine: ule unaosukumwa na mashine ndani ya mapafu ya mgonjwa asiyeweza kupumua mwenyewe. Hapo kidole hakifai kitu.

Mashine hizo zilienea baada ya mlipuko wa polio mjini Copenhagen, Denmark, mwaka 1952, ambako wanafunzi wa udaktari waliminya mifuko ya hewa kwa mikono usiku na mchana. Ziliokoa wengi. Lakini mapafu ya wagonjwa wengine yalizidi kuharibika, na ilikuwa rahisi kuulaumu ugonjwa. Nani angemshuku mwokozi?

Jibu lilitoka kwa panya. Mwaka 1974 watafiti wawili wa Marekani, Webb na Tierney, waliwalaza panya wazima kwa dawa, wakawaunganisha na mashine, na kupima presha katika njia ya hewa. Presha hiyo huhesabiwa kwa sentimita za maji, yaani kimo ambacho ingeyainua maji katika mrija. Waliopewa 14 hawakudhurika. Waliopewa 45, mapafu yao yalijaa maji kabla ya saa moja kwisha. Wengine walipewa 45 hiyohiyo, ila mwisho wa kila pumzi waliachiwa 10 ili mapafu yasisinyae. Hao hawakujaa maji.

Mwaka 1988 Mfaransa Didier Dreyfuss na wenzake wakawafunga panya vifua visitanuke. Presha ilikuwa kubwa, lakini mapafu yalisalimika. Kumbe kinachodhuru hasa ni kutanuka kupita kiasi.

Je, wagonjwa walifaidika lini? Mwaka 2000 Wamarekani walitangaza matokeo ya wagonjwa 861. Waliopewa pumzi kubwa za mazoea, walikufa asilimia 39.8. Waliopewa nusu yake, presha ikichungwa isizidi 30, walikufa asilimia 31.

Hesabu mwenyewe, msomaji: kutoka 1974 hadi 2000 ni miaka 26.

Wapo wanaochukizwa na majaribio ya wanyama, nami siwacheki. Panya hakuombwa ridhaa. Ndiyo maana nasema kipimo kilichopatikana kwa uhai wake ni deni. Kukisoma, kisha kukiweka kabatini, ni kumuua bure, na kumwacha mgonjwa aendelee kupasuliwa na pumzi ya msaada.