Majina Yanayofanana Katika Nyumba Moja



Mtoto huzaliwa kwa furaha, na mara nyengine kabla ya kufika siku ya saba furaha hiyo huingia doa. Baba ataka kumwita mwanawe Abdallah, kwa jina la marehemu babu. Lakini kaka yake mkubwa keshampa mwanawe jina lilo hilo. Akisema, basi na aitwe Ubaydullah, huambiwa: "Hilo ni letu, mmeligeuza tu." Watu wakanuniana, na siku ya akika ndugu wa tumbo moja asionekane. Basi natutazame waliotutangulia walifanyaje.

Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Sayyidna Mughira bin Shu'ba (r.a.) alipokwenda Najran, watu wa huko walimuuliza: vipi Qurani imemtaja Bibi Maryam kuwa ni dada yake Harun, na hali baina ya Nabii Musa na Nabii Isa pana muda mrefu? Aliporejea akamuuliza Mtume (s.a.w.), naye akamjulisha kuwa watu wale walikuwa wakiwapa watoto wao majina ya Mitume na ya watu wema waliowatangulia. Hapa tunapata mafunzo mawili. La kwanza, kurudia jina ni ada ya tangu zamani. La pili, jina linalofanana huweza kuleta shubha, na dawa ya shubha ni kubainisha, si kulikataza jina.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipopata mtoto wa kiume Madina, mwaka wa 8 wa Hijra, alimwita Ibrahim, na akasema amempa jina la baba yake, yaani Nabii Ibrahim (a.s.). Nyumbani kwa Sayyidna Ali (r.a.), mama yake alikuwa Fatima binti Asad na mkewe Fatima binti Muhammad. Mwanawe, Sayyidna Husayn, alikuwa na wana wawili walioitwa Ali, kila mmoja na mama yake. Mmoja aliuawa Karbala mwaka wa 61 wa Hijra, naye ndiye ajulikanaye kwa Ali Akbar. Wa pili alisalimika, naye ndiye Zaynul Abidin. Wote wawili ni Ali bin Husayn, wala jina la baba lisingetosha kuwatenga. Kilichowatenga ni lakabu.

Lakini mfano mkubwa kuliko yote umo katika ukoo wa Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.). Mwanawe Abdallah alikuwa sahaba mtukufu, na hadithi zake nyingi zilipokewa na Nafi', aliyekuwa mtumwa wake akamwacha huru. Katika waliosoma kwa Nafi' walikuwamo ndugu wawili, vitukuu vya Asim, aliyekuwa ndugu ya yule sahaba. Mmoja akiitwa Ubaydullah bin Umar, na wa pili Abdallah bin Umar, jina la sahaba lilelile na la baba yake pia. Katika hati za Kiarabu, baina ya "Abd" na "Ubayd" pana herufi moja tu. Lakini Ubaydullah alikuwa mpokezi madhubuti, na Abdallah, ijapokuwa alikuwa mtu mwema mwenye ibada nyingi, hifadhi yake ilikuwa dhaifu. Mwandishi akighafilika herufi moja, hadithi yenye nguvu huonekana dhaifu, na dhaifu ikaonekana yenye nguvu!

Je, wanavyuoni walisema ukoo ule ulikosea kuwapa majina hayo? La. Walifanya kazi ya kupambanua. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka wa 463 wa Hijra, alitunga kitabu kizima cha wapokezi waliofanana majina na baba zao.

Na hapa pwani kwetu mifano haikosekani. Unguja ilitawaliwa na Khalifa bin Said (1888–1890), kisha na Khalifa bin Harub (1911–1960), kitukuu cha Sayyid Said bin Sultan; ukisema "Sultan Khalifa" tu, utaulizwa yupi. Na Mombasa, mwanachuoni Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui alimzaa Sheikh al-Amin, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Sheikh al-Amin naye alipopata mtoto mwaka 1933 akamwita Ali. Ndiye Profesa Ali Mazrui aliyefariki mwaka 2014. Jina la babu lilirudi kwa mjukuu, na kila mmoja ana sifa yake.

Basi, ndugu msomaji, jina la babu si shamba hata likagawiwa mmoja, mwengine akakosa. Mpe mwanao jina jema, kisha timiza haki ya jina hilo: liandike kamili, na la baba na la babu, katika cheti chake cha kuzaliwa, na mkiwa nao wawili wa baba mmoja, kila mmoja apewe lakabu ya heshima, kwani siku ya kugawa urathi kadhi atahitaji kujua nani ni nani. Na wewe uliyetangulia kulitumia, mpongeze nduguyo, uhudhurie akika yake. Babu yenu angefurahi kuitwa mara mbili. Asingefurahi kuwa jina lake limewatenga wanawe.

Wabillahi tawfiq.