Uhunzi na jiolojia ya chuma, Embu na Meru

Uhunzi wa Embu na Meru ni kazi ya kale ya kuyeyusha na kufua chuma mashariki ya Mlima Kenya. Kabla ya chuma cha Ulaya kuenea madukani, wahunzi wa Mbeere, sehemu ya Embu, walitumia mchanga mweusi wenye magnetiti, unaotokana na kumomonyoka kwa miamba ya kale ya tambarare.

Hapo ndipo elimu ya miamba ilipoanza, bila shahada. Magnetiti ina uzito karibu mara mbili ya mchanga wa kawaida, basi ukiuosha kwa maji, mwepesi huchukuliwa na mweusi hubaki. Mchanga huo uliingizwa tanurini pamoja na makaa, huku mivukuto ya ngozi ikipuliza bila kupumzika. Chuma hakikutoka kikitiririka. Kilitoka bonge lililochanganyika na mavi ya chuma, likafuliwa tena na tena kwa nyundo hadi likawa mkuki, simi au ncha ya mshale.

Mwanajiolojia wa serikali alichelewa kufika. J.J. Schoeman alichapisha ripoti yake ya nchi iliyo kati ya Embu na Meru mwaka 1951, na L.M. Bear ile ya kusini-mashariki ya Embu mwaka 1952. Kufikia hapo tanuri nyingi zilikuwa zimezimwa na chuma rahisi kutoka ng'ambo.

Mawe ya chuma bado yapo Tharaka, jirani ya Mbeere.