Maana ya Kimya katika Sheria ya Bima ya Wazee wa Marekani

Sheria ya bima ya matibabu ya wazee wa Marekani, iitwayo Medicare, ilitiwa sahihi na Rais Lyndon B. Johnson tarehe 30 Julai 1965, ikaanza kazi tarehe 1 Julai 1966. Katika historia yake liko swali moja listahililo kuangaliwa peke yake: mzee asiyesema neno huhesabiwa kuwa amekubali, au amekataa?

Hapo mwanzo bima hiyo ilikuwa na sehemu mbili. Sehemu A, ya gharama za hospitali, iligharimiwa kwa kodi ikatwayo katika mishahara, na mzee aliyekuwa akipokea malipo ya uzeeni ya serikali aliingizwa pasipo kuomba. Sehemu B, ya ada za waganga, ilikuwa ya hiari, na mchango wake ulikuwa dola 3 kwa mwezi. Asiyejiandikisha alihesabiwa kuwa amekataa. Kwa hiyo watu walitumwa nyumba kwa nyumba kuwatafuta wazee, na muda wa kujiandikisha, uliokuwa uishe tarehe 31 Machi 1966, ukasogezwa na Bunge hadi 31 Mei. Mwishowe zaidi ya 90 katika kila wazee 100 walijiandikisha. Ilionekana basi kwamba karibu wote waliitaka bima.

Sheria ya mwaka 1972 ikaigeuza maana ya kimya. Tangu Julai 1973, mzee aliyekuwa akipokea malipo ya uzeeni, alipotimiza miaka 65, aliingizwa katika sehemu zote mbili, ila kama ametoa habari kwamba Sehemu B haitaki. Haki ya kukataa haikuondolewa. Kilichohamishwa ni mzigo wa kusema.

Lakini mwaka 1983 Bunge liliamua kwamba umri wa kupata malipo kamili ya uzeeni upande polepole kutoka miaka 65 hadi 67, huku umri wa Medicare ukibaki 65. Mzee angojaye malipo kamili haandikishwi na mtu. Hana budi aombe mwenyewe. Akichelewa, naye hana bima itokanayo na kazi, mchango wake wa Sehemu B huongezwa sehemu moja ya kumi kwa kila mwaka mzima uliopita. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na hapa mshindo humrudia aliyenyamaza.

Tena, wako ambao hata kusema hakukuwafaa. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufani mjini Washington iliamua, katika kesi ya Hall na Sebelius, kwamba apokeaye malipo ya uzeeni akiwa na miaka 65 hawezi kuikana haki yake ya Sehemu A na huku akiendelea kuyapokea.

Hivyo majirani wawili wa umri mmoja huweza kunyamaza sawasawa, mmoja akahesabiwa kuwa amekubali Sehemu B na mwenziwe kuwa ameikataa. Nia zao hazikuulizwa. Lililoamua ni daftari la malipo, kwamba jina limo au halimo. Atungaye sheria ya namna hii yampasa kwanza ajue ni nani atakayenyamaza, na kwa sababu gani.