Viatu vya Warumi

Wapo wanaodai kwamba mtazamaji wa mchezo wa kuigiza haangalii miguu. Mimi sikubaliani nao. Tulipoanza kuuigiza *Juliasi Kaizari* pale chuoni, katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963, vijana wangu walijifunga mashuka vizuri kabisa, wakatembea mbele ya wenzao na raizoni miguuni. Ukumbi mzima ulicheka, na kicheko kile hakikuanzia kwenye mashuka.

Msomaji atanikumbusha kwamba hata waigizaji wa Shakespeare walivaa zaidi nguo za zama zao. Ni kweli. Mgeni kutoka Uswisi, Thomas Platter, aliuona mchezo wa Kaizari London tarehe 21 Septemba 1599, na waliokuwa jukwaani hawakuwa wamevaa Kirumi tupu. Lakini wale walikuwa wakijichezea wenyewe. Sisi tulikuwa tunawafundisha walimu wa historia, na mwalimu anayemwonyesha mtoto Mrumi mwenye kisigino kirefu amemfundisha uongo.

Kiatu cha Kirumi kilikuwa bapa. Visigino vilienea Ulaya karne nyingi baadaye, kuelekea mwisho wa karne ya 16. Mtu wa kiatu bapa hukanyaga kwa wayo mzima na kwenda polepole, hasa akiwa amebeba nguo nzito begani. Mtu wa raizoni huinama mbele kama anayeteremka mlima. Raia mwenye cheo alivaa kiatu kilichofunika mguu, na cha mjumbe wa Baraza la Senati kilifungwa kwa mikanda hadi juu ya kifundo. Askari alivaa kaliga, kiatu cha matundu, chenye soli nene iliyopigiliwa misumari ya chuma. Gayo, aliyetawala mwaka 37 hadi 41, alivalishwa vidogo vya namna hiyo alipokuwa mtoto kambini kwa baba yake, na jina la utani Kaligula likamganda mpaka leo.

Usidharau ushahidi wa viatu. Huko Vindolanda, ngome ya Kirumi kaskazini mwa Uingereza, maelfu ya viatu vya ngozi yamefukuliwa katika udongo wa majimaji usiopitisha hewa. Vimo vya wanawake na watoto, katika ngome ambayo wataalamu walidhani ilikuwa ya wanaume watupu.

Basi tulifanyaje? Sharti langu lilikuwa moja: kiatu cha mwanafunzi hakikatwi. Wengi walikuwa na jozi moja tu, na hiyo hiyo ndiyo wangesimama nayo darasani wakati wa mazoezi ya kufundisha. Historia haina haki ya kumwacha mtu pekupeku mbele ya wanafunzi wake. Raizoni zikabaki bwenini. Wajumbe wa Senati walivaa raba, kwa kuwa zina soli bapa. Juu yake tukavuta soksi kuukuu za kahawia, tukazikata chini ili soli iguse sakafu mtu asiteleze, kisha tukazungushia vipande vya kitambaa kutoka vidoleni hadi juu ya kifundo. Ule ukingo mweupe wa mpira ukafichika. Baada ya onyesho, unafungua vitambaa, raba ni ile ile.

Askari walikuwa rahisi zaidi. Katambuga za matairi zina soli nene na mikanda iliyopigiliwa misumari. Tuliongeza tu vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, tukavipishanisha juu ya mguu. Aliyeigiza fundi viatu wa onyesho la kwanza alikuja na zake kama zilivyo.

Kijana mmoja alitaka kuongeza misumari chini ya soli ili hatua zisikike. Nilimsimulia habari iliyoandikwa na Yosefo: akida Yuliano, katika vita vya Yerusalemu mwaka 70, aliwafukuza maadui peke yake uani mwa hekalu, viatu vyake vya misumari vikateleza kwenye sakafu ya mawe, akaanguka, wakamwua. Sakafu ya ukumbi wetu ilikuwa ya saruji iliyosuguliwa.