Majedwali yasiyojuana: UNION ilitoka wapi?

Leo siongelei bumu wala foleni ya kafeteria. Wiki hii darasani kumezuka ubishi mkali: majedwali mawili yasiyo na uhusiano wowote, hayana hata ufunguo mmoja wa pamoja, yanaweza kuunganishwa kwa SQL? Nusu ya darasa wakasema haiwezekani, eti ndiyo maana hifadhidata inaitwa ya kimahusiano. Nikaamua kuchimba historia, na kumbe jibu limejificha huko.

Turudi miaka ya 1960. Wakati ule data ilipangwa kama mti: mzazi juu, watoto chini. Mfumo uliovuma sana ulikuwa IMS wa IBM, uliozaliwa kwenye mradi wa Apollo ili kuorodhesha vipuri vya roketi ya Saturn V. Ulifanya kazi vizuri, ila ulikuwa na tabu moja. Njia ya kutoka rekodi moja kwenda nyingine ilijengwa mapema. Kama hakuna aliyeijenga, basi, itabidi mtu akae chini aandike programu nzima ili kujibu swali moja tu. Data mbili zisizojuana zilibaki hazijuani.

Ndipo akaja Edgar F. Codd, Mwingereza aliyesoma hisabati Oxford, aliyewahi kuwa rubani wa kijeshi kwenye Vita Kuu ya Pili. Akiwa IBM kule San Jose, California, mwaka 1970 alichapisha makala iliyobadilisha kila kitu. Alisema data yote iwekwe kwenye majedwali ya kawaida, na mtumiaji aseme anataka nini bila kujali imehifadhiwaje.

Hapa ndipo darasa letu lilipoteleza. Neno alilolitumia Codd, relesheni, ni la hisabati. Maana yake ni seti ya mistari, yaani jedwali lenyewe! Halimaanishi undugu kati ya jedwali na jedwali. Jedwali moja lililokaa peke yake ni relesheni tosha. Na kwa kuwa ni seti, unaweza kulifanyia yale tuliyofundishwa sekondari: muungano, makutano, tofauti, na zao la Descartes. Hakuna hata moja kati ya hayo linalodai ufunguo wa pamoja.

Hesabu za Codd zilikuwa ngumu kwa watu wa ofisini, kwa hiyo wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakabuni lugha inayosomeka. Waliitoa mwaka 1974 kwa jina la SEQUEL. Boyce alifariki ghafla mwaka huohuo, hakuona matunda yake. Jina nalo likafupishwa kuwa SQL kwa sababu SEQUEL lilikuwa alama ya biashara ya kampuni ya ndege ya Uingereza, Hawker Siddeley. Mwaka 1986 SQL ikawa kiwango rasmi Marekani, na UNION ilikuwemo. Neno JOIN hasa liliingia kwenye kiwango cha 1992, pamoja na CROSS JOIN, INTERSECT na EXCEPT.

Sasa tuje kwenye vitendo. Tuseme kuna msiba, mabweni mawili yanachangisha rambirambi. Bweni A lina mistari 120, Bweni B lina 90. Ukitumia CROSS JOIN, kila mstari wa A unakutana na kila mstari wa B: 120 mara 90, unapata mistari 10,800. Hapo utadhani kampasi nzima imekuwa matajiri! Unachotaka ni kuipanga mistari juu kwa chini:

SELECT jina, kiasi FROM bweni_a
UNION ALL
SELECT jina, kiasi FROM bweni_b;

Masharti ni mawili tu: idadi ya safu ilingane, na aina za data ziendane. Angalia pia mpangilio, maana SQL inalinganisha safu kwa nafasi, haiangalii majina. Ukiandika jina kisha simu huku, na simu kisha jina kule, na zote ni maandishi, itakubali kimyakimya na kukuletea uchafu.

Lakini kwa nini nimeandika ALL? Kwa sababu UNION peke yake inafuta mistari inayofanana. Kama Neema wa A kachanga 5,000 na Neema wa B kachanga 5,000, atabaki Neema mmoja. Hata wakiwa bweni moja, wanamezwa vilevile. Wafiwa wanahesabiwa pungufu, na mweka hazina anaitwa mwizi. Hakuna aliyeiba, bana. Ni nadharia ya seti tu, ambamo kitu hakihesabiwi mara mbili.

Cha ajabu, SELECT ya kawaida haifuti chochote mpaka uandike DISTINCT. Wabunifu waliona kufuta marudio kila mara kunaigharimu mashine muda, na mara nyingine mtu anayataka. Kwa hiyo ndani ya lugha moja kuna tabia mbili: UNION inamfuata Codd, SELECT inafuata urahisi wa mashine. Codd mwenyewe hakufurahi, na mwishoni mwa miaka ya 1980 bado alikuwa anailaumu SQL kwa kuruhusu marudio. Alifariki mwaka 2003, mabishano hayajaisha.

Kwa wale wa MySQL: UNION ilikuja na toleo la 4.0, ila INTERSECT na EXCEPT zilisubiri mpaka 8.0.31, mwaka 2022. Safari ndefu, si mchezo.

Kwa hiyo wandugu, majedwali hayahitaji kujuana ili yakae pamoja. Anayepaswa kuyajua vizuri ni wewe unayeuliza. Mkifika maabara, jaribuni UNION na UNION ALL kwenye data ileile, mhesabu mistari, halafu mnipe jibu. Tupo pamoja!