Mtambuka au Mseto? Jina la Shahada Zinazovuka Idara

Istilahi taaluma mtambuka hutumika katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki kwa elimu inayojengwa na fani mbili au zaidi kwa pamoja, na asili yake ni kitenzi tambuka, yaani kuvuka kitu kwa kupanua hatua, kama mtu atambukavyo mfereji au kizingiti. Wapo wanaopendelea taaluma mseto, na hitilafu hiyo si ya mapambo tu, kwa kuwa kila jina linadokeza namna tofauti ya kuendesha masomo ya uzamili na uzamivu.

Mseto ni wali uliopikwa pamoja na choroko katika chungu kimoja, na ukishaiva hakuna mpishi awezaye kukitoa kimoja na kukiacha kingine. Neno hilo lilihamia kwenye siasa bila taabu, lakini kwa shahada linapotosha kidogo, kwani mwanafunzi hatakiwi kuyeyusha fani yake. Hutakiwa aishike barabara, kisha avuke kuchukua ushahidi kwa jirani na kurudi nao.

Mfano ulio wazi umelala ardhini Tumbe, kaskazini mwa Pemba, kijiji kinachojulikana leo kwa wavuvi na soko la samaki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 waakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba hapo makazi makubwa ya nyumba za udongo yaliyokaliwa takriban kati ya karne ya 7 na ya 10, pamoja na mji jirani wa Chwaka, ulioinuka baadaye, kuanzia karne ya 11, ukajenga misikiti ya mawe. Sarah Walshaw alishughulikia mabaki ya mimea. Udongo uliochimbwa hutiwa ndani ya maji na kukorogwa taratibu. Mchanga huzama, mbegu zilizoungua zamani zikawa makaa huelea, zikakusanywa kwa chujio, zikakaushwa na kutambuliwa punje moja moja chini ya hadubini. (Inafurahisha kwamba elimu inayotegemea vinavyoelea hutunukiwa shahada ya uzamivu, jina litokanalo na kuzama.) Ilidhihirika kwamba Tumbe ya kale ilitegemea zaidi uwele, ilhali Chwaka ilihamia kwenye mpunga.

Mbotania huweza kusema punje ni ya nini, wala si kwa nini watu waliuacha uwele, nafaka inayovumilia ukame, wakaukumbatia mpunga unaodai maji na kazi nyingi. Hapo watafiti walitambuka: mabakuli yaliyoletwa kwa biashara ya bahari, kuenea kwa Uislamu na ukuaji wa miji vilitazamwa pamoja na punje, hoja ikawa kwamba wali ulipata hadhi kama chakula cha karamu. Hoja hiyo inaweza kupingwa, lakini hakuna idara moja ambayo ingeifikia peke yake.

Chuoni, kuvuka huko kunahitaji utaratibu, kwa sababu idara ndiyo yenye walimu, bajeti na mihuri. Kwa kawaida mwanafunzi huwa na idara mama inayomsajili, huchukua kozi za mbinu katika idara nyingine, na husimamiwa na wasimamizi wawili wa fani tofauti. Njia nyingine ni kuunda taasisi yenye fani kadhaa chini ya paa moja, kama Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1978, ambamo baiolojia, kemia, fizikia na jiolojia hukutana juu ya maji yale yale. Taasisi hupunguza safari za kuomba saini. Haiondoi ugumu wa mtahini, ambaye mara nyingi huipima tasnifu nzima kwa mizani ya fani yake na kuiona nusu yake nyingine nyepesi.

Lipo pia jambo ambalo mtambuka inalifunika. Kuvuka kutoka idara hadi idara ni kubaki ndani ya chuo, ilhali utafiti unaomshirikisha mkulima wa mabonde ya mpunga ya Pemba katika kuunda swali lenyewe, wala si katika kulijibu tu, ni kazi ya aina nyingine. Wataalamu huzitenganisha aina hizo mbili, lakini katika Kiswahili zote mbili bado huitwa mtambuka, na mtunga istilahi atakayezipa majina tofauti itambidi kwanza aamue kama mkulima huyo anavuka kuingia chuoni, au chuo ndicho kinachovuka kumfuata bondeni.